Mbao Zilizovuka Mto Thames: Tuchague Habari Ipi Kuhusu Jumba la Globe?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa vikundi vya maigizo, nawashukuru kwa kunialika. Kila kikundi kiliombwa kilete habari moja ya kuvutia kuhusu jumba la maonyesho la kihistoria, kwa ajili ya chemsha bongo yenu. Karatasi zenu nimezipitia. Wengi mmechagua jumba la Globe la London, na karibu wote mmeniletea suruali.

Kisa cha suruali mnakijua. Tarehe 29 Juni 1613, mzinga ulifyatuliwa katikati ya onyesho, cheche zikanasa kwenye paa la nyasi, jumba zima likateketea. Mtu mmoja suruali yake ikashika moto, akaizima kwa chupa ya pombe. Ni habari ya kweli, Sir Henry Wotton aliiandika kwenye barua siku chache baadaye. Lakini ukishacheka, habari imekwisha. Hujui jumba lile lilikuwa la nani, fedha zilitoka wapi, wala hasara ilimwangukia nani. Nimelisema hili kila ninapoalikwa, na leo nalisema tena: habari inayofaa kuchaguliwa ni ile inayokupeleka mpaka kwenye kiwanja, ukauliza hati iko mkononi mwa nani.

Basi nipeni nafasi niwape yangu. Mbao za Globe hazikuwa mpya. Zilikuwa mbao za jumba jingine lililokuwa ng'ambo ya mto, na wenye jumba hilo walikwenda kulibomoa wenyewe, wakazichukua.

Ilikuwaje? Mwaka 1576 James Burbage, seremala aliyeingia uigizaji, alipanga kiwanja huko Shoreditch, nje ya mipaka ya jiji la London. Mwenye ardhi aliitwa Giles Allen, na mkataba ulikuwa wa miaka 21. Sehemu kubwa ya mtaji aliitoa shemeji yake, John Brayne, mfanyabiashara wa vyakula. Wakajenga jumba, wakaliita The Theatre. Hapa naomba mtulie: ardhi ni ya Allen, jumba ni la Burbage. Mzee Burbage hakuwa mjinga. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kwamba akitumia paundi 200 kutengeneza majengo aliyoyakuta pale katika miaka kumi ya kwanza, ana ruhusa ya kubomoa kile alichojenga na kuondoka nacho.

Mkataba ukaisha Aprili 1597. Mzee alikuwa ameshafariki mwezi Februari, na kabla ya kufa alikuwa ametoa paundi 600 kununua ukumbi Blackfriars. Wakazi wa huko, watu wenye uwezo na sauti, walipeleka malalamiko kwa Baraza la Malkia kwamba hawataki jumba la maonyesho mtaani kwao. Wanawe, Cuthbert na Richard, wakarithi ukumbi wasioweza kuutumia, pamoja na jumba lililosimama juu ya ardhi ya mtu aliyetaka watoke. Wakamwomba Allen aongeze muda. Mara akubali, mara aweke masharti mapya, na moyoni alikwisha kuamua kulivunja jumba achukue mbao mwenyewe.

Tarehe 28 Desemba 1598, katikati ya sikukuu za Krismasi, Allen akiwa nyumbani kwake Essex, wale ndugu wawili wakafika Shoreditch na fundi seremala Peter Street na vijana wake wa kazi. Mama yao, Ellen, mjane wa mzee, naye alikuwepo. Wakaanza kufungua jumba. Nasema kufungua kwa sababu hawakulivunjavunja. Jumba la mbao za mwaloni la zama zile liliunganishwa kwa ulimi na tundu, kisha likakazwa kwa vigingi vya mbao. Fundi anayejua kazi hugonga kigingi kikatoka, boriti ikashuka nzima, kama mnavyofungua kitanda ili kipite mlangoni. Mbao ndizo zilizokuwa mali. Boriti nene za mwaloni zilikuwa ghali, na hawakuwa na uwezo wa kununua nyingine.

Kuna wanaopenda kunogesha kwamba mbao ziliburutwa usiku juu ya barafu ya mto Thames ulioganda. Tafadhali msinogeshe. Zilihifadhiwa kwanza upande uleule wa jiji, kwenye bohari ya Peter Street karibu na Bridewell, zikavushwa kwenda Southwark baadaye. Kisa chenyewe kina uzito wa kutosha, mbona tukiwekee barafu?

Naona mzee mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Najua unachofikiri, mzee wangu: huo ni wizi. Allen naye alisema hivyohivyo. Alikwenda mahakamani, akamshtaki Peter Street kwa kuingia kwenye ardhi yake, akadai paundi 800. Katika madai hayo, paundi 700 zilikuwa za jumba, na shilingi 40 zilikuwa za nyasi zilizokanyagwa. Nyasi! Akaongeza kwamba walikuja na panga, majambia na mashoka, wakatia hofu raia. Kesi zikaendelea kwa miaka, na mwishowe Allen akashindwa. Hoja yake haikuwa nyepesi, kwa sababu muda wa mkataba ulikuwa umekwisha. Lakini kama mzee Burbage asingeandikisha kile kifungu mwaka 1576, wanawe wasingekuwa na pa kushika. Kifungu kimoja cha mkataba kiliokoa jumba miaka 22 baadaye. Hiyo ndiyo habari ninayoitaka kwenye chemsha bongo.

Na haijaisha. Ng'ambo ya pili, huko Southwark, walipanga kiwanja cha kujengea Globe kwa Nicholas Brend, mkataba wa miaka 31, Februari 1599. Fedha hawakuwa nazo, kwa sababu zile paundi 600 zilikuwa zimelala Blackfriars. Wakafanya jambo ambalo wenye majumba hawakuwa na desturi ya kulifanya: nusu ya umiliki wakabaki nayo wao wawili, na nusu nyingine wakawagawia waigizaji watano wa kikundi chao, kila mmoja fungu moja la kumi. Mmoja wa hao watano ni William Shakespeare. Kuanzia hapo alipata senti yake kama mwandishi, kama mwigizaji, na tena kama mwenye hisa katika jumba lenyewe. Tunawafundisha watoto kwamba alikuwa na kipaji, na ni kweli alikuwa nacho. Mbona hatuwafundishi kwamba alikuwa na hisa? Vipaji viko hata kwenye vikundi vyenu, navijua, nimeviona vikifanya mazoezi chini ya mwembe kwa sababu mwenye ukumbi amepandisha kodi.

Sasa lile swali ambalo huulizwa kila mara: kwa nini twende London, kwetu hakuna? Kupo. Nendeni Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Wakaigiza kwa Kikikuyu tamthilia iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ilianza Oktoba, na Novemba serikali ikafuta kibali. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Machi 1982, polisi wenye silaha wakaja wakalibomoa jukwaa lote. Uliza swali lilelile, hati iko mkononi mwa nani, uone linakufikisha wapi. Familia ya Burbage ilipambana na mwenye shamba mmoja mbele ya mahakama. Watu wa Kamĩrĩĩthũ walipambana na dola, na mbao zao hazikupata pa kuvushiwa.

Hapo ningependa kukaa zaidi, lakini muda unanibana, kwa hiyo mengine nayapitia haraka. Baada ya ule moto, wenye hisa walichangishana wakajenga upya, na kufikia 1614 jumba lilikuwa na paa la vigae. Mwaka 1642 Bunge lilifunga majumba yote ya maonyesho, na Globe ikabomolewa miaka miwili baadaye. Mwaka 1989 wachimbuaji wa mambo ya kale waliona sehemu ya msingi wake. Jumba mnaloliona kwenye picha leo lilifunguliwa 1997, baada ya mwigizaji Mmarekani, Sam Wanamaker, kulipigania kwa miaka mingi. Alikufa kabla halijakamilika. Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi, aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599 alivuka mto akaona igizo la Julius Caesar katika nyumba yenye paa la nyasi, na wataalamu wengi wanaamini ni Globe, ikiwa mpya kabisa. Ni tamthilia hiyohiyo aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikachapishwa 1963. Na mwaka 2012, tamthilia 37 za Shakespeare zilipoigizwa kwa lugha 37 katika Globe ya sasa, waigizaji kutoka Nairobi walipanda pale wakaigiza kwa Kiswahili. Hilo halipo kwenye karatasi hata moja kati ya zenu!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karatasi nazirudisha kwa walimu wenu. Kila kikundi kitafute upya, na safari hii nataka jina la mwenye kiwanja, muda wa mkataba, na nani aliyetoa fedha. Mkichagua ukumbi wa hapahapa mtaani kwenu nitafurahi zaidi, kwa sababu wazee waliotoa michango ya ujenzi wengine bado wako hai, nendeni mkawaulize. Sasa maswali. Nimeona mikono iliyoinuka tangu nilipotaja Limuru, tuanze na hao.