Shemeji Chini ya Bomba

MASOUD: Karibuni tena. Leo Zuhura kaja na karatasi ya mambo saba kuhusu kuungua kwa kemikali. Mimi namtaka shemeji tu.

ZUHURA: Mwache shemeji yangu! Jumanne walikuwa wanamwaga zege, likamwingia ndani ya gambuti. Akaendelea na kazi, maana haliumi. Jioni anavua soksi, ngozi ya kifundoni inateleza kama sabuni.

MASOUD: Haliumi kabisa?

ZUHURA: Mwanzoni mara nyingi haliumi, hapo ndipo linapokuvizia. Saruji mbichi ina pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, ya 12 hadi 13: hiyo ni alkali kali, kinyume cha tindikali. Tindikali nyingi hugandisha protini za ngozi, likatokea gamba linaloizuia kidogo isipenye. Alkali haigandishi. Inayeyusha, inashuka, inaendelea kushuka. Leo unaona wekundu, keshokutwa ni kidonda kilichozama ndani.

MASOUD: Ndipo ukamsimamisha bombani.

ZUHURA: Buti, soksi, suruali, vyote chini kwanza. Dakika 20 ni mwanzo tu, alkali inataka zaidi. Na yeye kila mara: "Shemeji, imetosha?" Bado!

MASOUD: Bosi wake alipopiga simu?

ZUHURA: Kaipokea hukohuko. Bosi anauliza, "Kwenu mvua inanyesha?"

MASOUD: (anacheka) Alipoanza kutetemeka?

ZUHURA: Nikapunguza kasi ya maji, nikamfunika blanketi mabegani. Imetosha? Bado! Kisha hospitali.

MASOUD: Mimi ningemmwagia siki yakaisha. Tindikali na alkali zinauana, tulisoma shuleni.

ZUHURA: Zikiuana zinatoa joto, juu ya ngozi iliyokwisha kuungua.

MASOUD: Siki ya mezani ni asilimia 5 tu. Na yapo majaribio ya panya waliounguzwa kwa alkali, siki nyepesi ikawasaidia.

ZUHURA: Panya wa maabara ana mtu kashika siki anamsubiri. Shemeji angeanza kufungua makabati huku zege linamla.

MASOUD: Na kama siki iko mkononi?

ZUHURA: Maji.

MASOUD: Hujajibu.

ZUHURA: Nimejibu. Maji.

MASOUD: Basi siki yangu siimwagi.

ZUHURA: Na bomba langu silifungi.

MASOUD: Haya, karatasi. Tuna dakika moja.

ZUHURA: Moja?! Chokaa hai kavu: kung'uta kwanza, ndipo maji mengi. Tindikali ya hidrofloriki, inayopatikana kwenye baadhi ya dawa za kutoa kutu, inanyang'anya mwili kalsiamu mpaka moyo unayumba. Osha, paka jeli ya kalsiamu glukonati, kimbia hospitali. Macho...

MASOUD: Macho wiki ijayo.

ZUHURA: Jicho linangoja wiki ijayo wewe? Kope wazi, maji yatiririke, jicho lililoumia likae upande wa chini yasiingie lile zima. Halafu betri zile ndogo za mviringo kama vidonge, mtoto akimeza, ndani ya saa 2 koo linaweza kuungua vibaya, usimtapishe...

MASOUD: Fundi mitambo ananipungia mkono.

ZUHURA: ...mpeleke hospitali sasa hivi! Bado matatu, Masoud.

MASOUD: Kwaherini.