Mlichokidhania Vumbi Ndicho Konokono

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: konokono wadogo hawatafutwi kwa macho. Mnaingia msitu wa Ngezi kule Pemba, mnatembea asubuhi nzima vichwa vimeinama, mnatoka na makaka matatu, yaani magamba matupu, ya yule konokono mkubwa wa mashambani, kisha mnasema msituni hamna kitu. Kimo, mmekikanyaga. Konokono wa milimita 2 ana rangi ya jani lililooza na kazi yake yote iko ndani ya mboji.

Basi chukueni mboji. Chini ya magogo, baina ya mizizi, na hasa miguuni mwa mawe huko maweni, kwani konokono hujenga gamba kwa chokaa, na jiwe letu ni chokaa. Majani makavu ya juu yakung'uteni papo hapo, halafu choteni mboji na kiasi cha sentimita 1 ya udongo. Lita 4 kwa kituo kimoja zinatosha. Tieni kwenye foronya. Mfuko wa nailoni unatoa jasho, unaota ukungu, na walio hai wanaozea ndani ya magamba yao.

Sasa kukausha, na hapa ndipo mnaponichosha. Mboji mbichi haichekechwi! Inaziba matundu, na tonge lililoziba limebeba magamba ndani yake. Itandazeni kivulini mpaka ukiifumbata isishikane. Kisha chekeche tatu, matundu ya milimita 10, milimita 2 na nusu milimita. Jikoni unga unapita na wishwa unatupwa. Huku hakuna wishwa. Kilichobaki juu ya kila chekeche kikagueni, na kile cha mwisho kinachofanana na ugoro, ambacho mikono inawawasha kukimwaga, ndicho nilichokuja kukisemea.

Mmoja atasema: si tumimine majini tu, makaka yaelee? Yataelea yakiwa makavu na matupu, kwa hewa iliyomo. Lenye mnyama au lililojaa udongo linazama. Ukitumia maji, basi kagua na mashapo, kazi iwe mbili.

Mwageni kijiko kimoja kimoja kwenye sahani nyeupe, lenzi ya kukuza mara 10, na brashi ya rangi iliyoloweshwa ncha. Koleo la chuma wekeni mbali, linavunja ukingo wa mdomo wa gamba, na bila mdomo hamtambui kitu.

Muda unanikimbia. Kutambua: ncha juu, mdomo ukuelekee, kwa wengi utakuwa upande wa kulia. Hesabu mizunguko ya gamba, pima urefu na upana, tazama kitovu, kile kijitundu cha chini katikati ya mizunguko. Gulella, wanaokula konokono wenzao, wengi wana meno mdomoni, lakini waliokomaa tu. Ukingo mwembamba, mkali kama karatasi, mara nyingi ni wa mtoto. Na kitoto cha yule mkubwa wa mashambani, milimita 5 hivi, ndicho kinachowapigisha watu kelele za aina mpya. Tulieni. Konokono aitwaye Tropidophora ana mdomo wa mviringo wenye kifuniko, kikidondoka kiokoteni.

Walio hai, spiriti ya asilimia 70. Formalini hapana, inakula chokaa. Lebo kwa penseli, ndani ya chupa: mahali, tarehe, penye jiwe au penye mti. Jozani ya Unguja na Ngezi ni hifadhi, kibali kwanza.

Ya kuhifadhi kabatini tuyaache. Aliyekuja na foronya aifungue hapa mezani, nione kama imekauka.