Orijino ya Kariakoo Siyo Orijino ya Tuzo

(Mhadhara kwa vijana watengeneza gemu, Dar es Salaam)

Asanteni. Wakubwa shikamooni, vijana mambo. Viti vipo huku mbele, sijui mnaogopa nini.

Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, mtanivumilia. Kila nikitaja tuzo za IGF, yaani Independent Games Festival, zile za gemu za kompyuta za watengenezaji huru, wasio chini ya kampuni kubwa, zinazotolewa kila mwaka kule San Francisco, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa unauliza: "Mwalimu, wanataka gemu ya asili?" Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza, maana lile neno lao "original" sisi tunaliita asili. Mchezo wa asili kwetu ni bao, mdako, kombolela. Basi kijana anarudi nyumbani, anaitia bao kwenye simu, anaipamba kwa mbuyu na jua linalozama, anakaa kusubiri kuitwa. Bao ni mali ya waliotutangulia, bwana! Wewe hapo umebuni kipi? Mwingine asili kwake ni orijino, ile ya Kariakoo, maana yake siyo feki. "Yangu orijino, Mwalimu, programu nzima nimeandika mwenyewe." Hongera. Lakini ni ile ile ya gari na polisi tuliyoichoka.

Kinachotafutwa ni gemu ambayo wewe usipoitengeneza, hayupo mwingine wa kuitengeneza. Nawapa mfano wangu ule ule. Naona yule pale nyuma ameshaanza kucheka.

Mwaka 2014 tuzo kuu ilikwenda kwa gemu iitwayo Papers, Please. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, na kazi ilimchukua kama miezi tisa. Alikuwa msafiri, kasimama kwenye foleni za paspoti, akawa anamtazama yule afisa ndani ya kibanda. Sisi tukimtazama yule tunamwombea mabaya. Yeye akajiuliza: hivi huyu siku yake inakwendaje? Gemu yenyewe ndiyo hiyo. Umekaa kibandani mpakani, katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, una mhuri wa kijani na mhuri mwekundu. Unalinganisha picha na sura, tarehe, jinsia, mji uliotoa paspoti. Kila kukicha sheria zinaongezeka: leo kibali cha kuingia, mbele ya safari cheti cha chanjo ya polio. Sisi wa kadi ya homa ya manjano hapo tunaelewana. Unalipwa kwa kichwa. Makosa mawili ya kwanza unaonywa, yakizidi unakatwa. Jioni unapiga hesabu: kodi, chakula, dawa, na kupasha nyumba joto, maana kule baridi si mchezo.

Sasa anakuja mwanamume, karatasi zake safi, anapita. Anakwambia mke wangu yuko nyuma yangu, mfanyie wema. Mke anafika, hana kibali.

Nimeshawakalisha watu wengi wacheze hii mbele yangu. Dereva mmoja wa malori, wa kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma, alishika mausi muda mrefu bila kugonga mhuri wowote. Mwisho akampitisha yule mama. Kisha akawakatalia watatu waliofuata, eti anafidia! Mtu ambaye maisha yake yote yamepita upande wa pili wa dirisha lile.

Sasa nawauliza, gemu ya Tunduma iko wapi? Ya Namanga je? Foleni ile tumelala sisi, chapati zake tumekula sisi, aliyeipeleka jukwaani ni Mmarekani aliyekaa Japani. Mtasema, "Mwalimu, wenzetu wana kompyuta kubwa." Kompyuta gani? Picha za gemu ile ni vimraba vimraba, rangi imefifia kama kanga ya miaka kumi. Kompyuta ya ofisi ya kata inaiendesha na bado karani anachapa barua.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2003 tuzo kuu hiyo hiyo ilichukuliwa na Wild Earth. Unazunguka na kamera, unapiga picha wanyama. Huui hata swala. Unazunguka wapi? Serengeti! Na studio iliyoitengeneza haiko Musoma wala Mto wa Mbu. Sisi mpaka leo tunaletewa gemu ya Mmasai anamkimbiza simba, raundi ya pili simba wawili.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa, tena mara ya pili. Nilitaka kumzungumzia kwa utulivu Seumas McNally, ambaye tuzo kuu inabeba jina lake. Kijana wa Kanada, alishinda mwaka 2000 kwa gemu ya vifaru, Tread Marks, kazi ya kampuni ya familia yao. Akafariki kwa saratani mwezi ule ule, ana miaka 21. Pia gemu ya Venba, iliyoshinda 2024: mama wa Kitamil ugenini Kanada anapika kwa kitabu cha mapishi kilichochanika. Wali na mchuzi, ndugu zangu, umechukua tuzo kuu! Ada ya kushiriki nayo ipo, kwa dola, na nilikuwa na maneno makali juu yake, ila naambiwa chai inapoa.

Jumamosi nitakuwa hapa hapa kuanzia saa tatu asubuhi. Leteni mlichonacho, hata kama ni karatasi na vizibo vya soda. Mwenye Mmasai na simba aje jioni, nitakuwa nimeshaondoka.