Tangazo Lililofungiwa Ndani ya Picha

Ndugu zangu wabunifu wa tovuti, na nyie maofisa habari mliokaa nyuma, picha inawekwaje kwenye ukurasa mnajua. Twende moja kwa moja kwenye tangazo la kazi.

Ofisi ina nafasi. Barua inagongwa muhuri, inaskaniwa, inapandishwa kwenye tovuti ikiwa picha. Sifa za mwombaji, tarehe ya mwisho, anwani ya kutuma maombi, vyote vimo humo. Asiyeona anafungua ukurasa kwa kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti kilichoandikwa: NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu. Anasikia "picha", pengine na jina la faili lenye namba tupu. Basi! Na chini ya tangazo mmeandika kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Wataombaje, ikiwa hata sentensi ya kuwakaribisha imefungiwa ndani ya picha?

Msiniambie kazi ni kubwa. Utetezi huo ulishakataliwa. Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliwalalamikia waandaaji wa Olimpiki ya Sydney: picha na viungo vya tovuti yao havikuwa na maandishi mbadala, yaani maneno ya kueleza picha ambayo kisoma skrini huyasoma. Wakajitetea kwamba marekebisho yangemchukua mtu mmoja zaidi ya mwaka na kugharimu mamilioni ya dola. Wataalamu wakaonyesha kuwa kazi ni ndogo mno kuliko hivyo. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikampa Maguire ushindi, ikaagiza tovuti irekebishwe kabla michezo haijafunguliwa. Wakarekebisha sehemu tu, wakaamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000 za Australia. Wakati huo WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, ulikuwa umeshatoka, Mei 1999, na sharti lake la kwanza kabisa ni hili ninalolisema: picha iwe na maandishi mbadala. Robo karne, ndugu zangu!

Kuna atakayesema akili mnemba itaeleza picha yenyewe. Itasema "watu watatu wamesimama". Haijui kwamba wa katikati ndiye mkurugenzi mpya ambaye habari nzima inamhusu. Wewe uliyeiweka ndiye unayejua umeiweka kwa nini, kwa hiyo andika hicho kwenye alt, ile sehemu ya msimbo inayobeba maandishi mbadala. Nembo inayomrudisha mtu mwanzo, andika "Mwanzo", si "duara la bluu". Ua la pambo, acha alt tupu lakini usiiondoe, maana ukiiondoa baadhi ya visoma skrini vitasoma jina la faili.

Na tangazo la kazi? Usilishindilie lote ndani ya alt. Yaandike maneno yake kwenye ukurasa, muhuri ubaki kwenye kiambatisho. Hata mwenye macho mazima na bando dogo atalisoma.

Muda umenibana. Lugha ya ukurasa nayo itajeni kwenye msimbo, lang="sw", la sivyo sauti ya Kiingereza itatamka Kiswahili chenu na hakuna atakayeelewa. Grafu na ramani zinataka siku yake. Sasa nani ofisi yake ina tangazo la picha mtandaoni leo? Lifungue hapahapa, washa TalkBack, tulisikilize wote.