Kinywa cha Sponji
(Mazungumzo na walimu wa madarasa ya awali, Dodoma)

Mbukwenyi, walimu! Wazee wangu mlioko nyuma, shikamooni.

Mmeniona nikipaka gundi kwenye kingo za hiki kipande cha sponji, kisha nikakiweka pembeni. Ni gundi ya viatu, ile ile ya fundi wa pale kona. Unaipaka pande zote mbili, halafu unaiacha. Tutairudia.

Mimi ni fundi makochi. Kwangu sponji ilikuwa kitu cha kukaliwa, na vipande vilivyobaki nilivishindilia kwenye mito. Kisha mjukuu wangu akaanza darasa la awali, akataka nimtengenezee kikaragosi cha kuvaa mkononi, fisi anayeongea. Nikasema hilo ni dogo kwa fundi. Nilimaliza kwa siku mbili, nikamvaa mkononi, nikaanza hadithi. Mtoto akanitazama kwa huruma: “Babu, mbona fisi anakula maneno?”

Nami leo nimekuja kuwaeleza fisi yule alikula maneno kwa nini. Kushona mnajua wenyewe.

Tuanze na mali yenyewe. Sponji nzuri ni ya unene wa nusu inchi. Ya inchi moja inatosha kwa kichwa kikubwa. Ukiibonyeza irudi haraka, lakini isishindane na vidole vyako. Kama unakata godoro la zamani, kata upande wa miguuni, maana sehemu ya mgongoni imeshachoka, haina uhai. Tumia wembe mpya. Mkasi unaibana sponji, ukingo unatoka umelala, na kingo mbili zilizolala hazikutani.

Sasa, kitu bapa kinakuwaje kichwa? Ukimenya chungwa kisha ukalilaza ganda mezani, litapasuka pembeni, litaacha nafasi zenye umbo la V. Sisi tunakwenda kinyumenyume: tunakata duara, tunatoa hizo V pembeni, tunagundisha kingo zake, na duara linajikunja lenyewe kuwa bakuli. Bakuli kubwa ni utosi, dogo ni kidevu. Nyuma acha wazi, mkono upite.

Katikati ya mabakuli hayo kuna kinywa. Kata boksi gumu umbo la yai, likunje katikati, na kwenye mkunjo ubandike kitambaa ili lisikatike baada ya wiki moja. Boksi likikushinda, soli ya kandambili inafaa sana. Upande wa ndani weka mikanda miwili ya lastiki, mmoja wa vidole vinne, mwingine wa dole gumba. Bila mikanda hiyo mkono unateleza na mnyama wako anaonekana amepooza.

Ngozi ni sweta la mtumba. Mkono wa sweta ndio shingo na kiwiliwili, umeshonwa tayari, wewe unavalisha tu. Asije mtu akasema kazi hii inataka kiwanda. Mmarekani Jim Henson, mwaka 1955, alimtengeneza chura wake Kermit kwa koti kuukuu la mama yake, na macho akayapata kwa kukata mpira wa tenisi ya meza vipande viwili.

Macho sasa. Usiyagundishe mapema! Yashikize kwa pini, simama mbele ya kioo, umtazame. Mboni ukiziweka katikati kabisa, anakuwa kama abiria anayechungulia basi la Singida: haoni mtu yeyote humu ndani. Zisogeze ndani kidogo, zielekee pua, kila moja kwa kiasi kile kile. Hapo ghafla anakutazama wewe. Zikizidi anakuwa na makengeza, ingawa kwa fisi hata hilo si baya. (Kicheko)

Turudi kwenye maneno yaliyoliwa. Nilikuwa na makosa mawili. La kwanza, nilifungua kinywa kwa kuinua vidole vinne, kwa hiyo kila neno kichwa kilirudi nyuma kama kuku anayekunywa maji. Ukijitazama unapoongea, fuvu halisogei, kinachoshuka ni taya. Basi vidole vinne vitulie, dole gumba ndilo lishuke.

La pili ndilo la mjukuu wangu. Nilikuwa nafunga kinywa pale sauti inapotoka, nikadhani nafuata maneno kumbe nayang'ata. Kinywa kifunguke pamoja na sauti. Na hapa Kiswahili kimetupendelea: karibu kila silabi inaishia na irabu, yaani kila silabi inaishia mdomo ukiwa wazi. Inueni mikono, semeni Dodoma. Do-do-ma, mara tatu. Tena, lakini silabi ya pili kutoka mwisho muifungue zaidi, maana ndiyo tunayoikazia: Do-DO-ma. Mmeona? Tayari anaongea kama mtu wa hapa.

Sasa Mpwapwa. Aa, nimewaona wengine mmefungua kwenye M! Hiyo M inatamkwa midomo imefungwa. Shikilia kwanza, ndipo ufungue mara mbili. Vivyo hivyo mtoto, mbuzi, mti. Na “hadithi, hadithi” usiipige haraka. Ukizidiwa na kasi ruka silabi ndogo kuliko kuipoteza ile nzito. Watoto wakishajibu “hadithi njoo”, kinywa kifungwe kabisa, asikilize. Mnyama anayetafuna wakati wengine wanaongea hana adabu.

Gundi hii ina harufu kali, mnajua wapo watoto mitaani wanaoivuta. Ipakeni kwenye hewa, watoto wasiwepo, kisha kopo lifungiwe kabatini. Ila hewa ya Dodoma nayo ina mambo yake: mwezi wa nane nilipaka uani kwangu Nkuhungu, upepo ukaja na vumbi lake, kingo zikawa kama mandazi yaliyoviringishwa kwenye sukari. Sikuunga kitu siku ile. Barazani, upande usio na upepo, panatosha. Na ukimaliza usimwanike mnyama wako juani kila siku. Sponji inageuka njano, baadaye inamung'unyika.

Dakika kumi zimepita. Gusa hapa, mwalimu. Haishiki kidole tena? Basi imeiva. Kutanisha ukingo na ukingo, taratibu, maana ikishagusana hairudi. Bonyeza. Bonyeza zaidi. Haya, achia.