Santuri Bora ya Mwaka 1977: Aliyeshinda ni Nani?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, ndugu zangu wanakwaya mliokuja hapa moja kwa moja kutoka mazoezini, na nyote mlioitikia mwaliko huu, asanteni kwa kufika.

Nianze na swali linaloonekana jepesi. Inapotangazwa kwamba santuri fulani ya muziki wa klasiki imepata tuzo ya rekodi bora ya mwaka, aliyeshinda ni nani? Katika muziki wa dansi au wa taarabu jibu huwa karibu, kwa kuwa mara nyingi mtunzi yu hai, bendi ni yake, na wimbo wenyewe ni mpya. Katika klasiki mambo ni tofauti. Santuri nitakayoizungumzia jioni hii ilitunukiwa mwaka 1977, na mtunzi wake, Leoš Janáček, alikuwa amefariki tangu 1928. Opera yenyewe, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, inaitwa Káťa Kabanová, nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Brno, katika nchi ya Wacheki, mwaka 1921. Kwa hiyo waamuzi hawakuwa wanaituza opera hiyo, ambayo ilikuwa imeshatimiza zaidi ya nusu karne, wala hawakuwa wanalituza onyesho la usiku mmoja jukwaani. Dai langu ni kwamba walikuwa wanatuza kitu cha tatu, ambacho hakikuwapo duniani kabla ya mafundi mitambo kufunga vinasa sauti vyao, yaani maikrofoni, ukumbini.

Tuzo zenyewe hutolewa na Gramophone, jarida la London lililoanzishwa mwaka 1923 na mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie akishirikiana na shemeji yake, Christopher Stone. Kwa zaidi ya miaka hamsini jarida hilo liliishi kwa kuandika hakiki za santuri, ndipo mwaka 1977 likaanza kutoa tuzo za kila mwaka. Siku hizi wahakiki huchagua kwanza washindi wa makundi, kama vile opera, kwaya, okestra na muziki wa ala chache, kisha miongoni mwa washindi hao huteuliwa rekodi moja ya mwaka. Katika mwaka ule wa kwanza kabisa heshima ya juu ilikwenda kwa Káťa Kabanová ya kampuni ya Decca, iliyorekodiwa Vienna mwaka 1976 na okestra ya Vienna Philharmonic chini ya uongozi wa Charles Mackerras.

Mackerras alizaliwa Marekani mwaka 1925 na wazazi Waaustralia, akakulia Sydney, ambako alipiga obo, ala ya kupulizwa, katika okestra ya mji. Mwaka 1947 alikwenda Prague kusoma kwa mwongozaji Václav Talich, na huko akaisikia Káťa, opera ambayo nje ya nchi ya Wacheki ilikuwa karibu haijulikani. Aliporudi Uingereza hakutulia hadi mwaka 1951 alipoiongoza katika ukumbi wa Sadler's Wells, London, ikawa opera ya kwanza ya Janáček kuonyeshwa nchini humo. Hesabuni wenyewe: kutoka siku ile hadi siku ya kurekodi ni miaka 25. Ninaitaja miaka hiyo kwa sababu jalada la santuri huandikwa tarehe za siku chache za kazi, na msomaji hudhani kazi yote ilifanyika katika siku hizo.

Sasa niingie kwenye kiini cha mambo, nacho ni lugha. Janáček alikuwa na mazoea ambayo majirani zake bila shaka waliyaona ya ajabu: alitembea na daftari, na alipowasikia watu wakizungumza sokoni, njiani au kituo cha treni, aliandika kwa noti za muziki jinsi sauti zao zilivyopanda na kushuka. Mwaka 1903, bintiye Olga alipokuwa akikata roho, aliandika hata pumzi zake za mwisho. Aliamini kwamba mtu anaposema neno, ukweli uko katika mlio wa neno kuliko katika maana iliyomo kamusini. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kumwelewa. Chukueni neno moja tu, hodi. Hodi ya jirani aliyekuja kuomba chumvi huimbwa, tena irabu ya kwanza huvutwa. Hodi ya mtu anayekudai hukatwa fupi, na aliye ndani huijua kabla hajafika mlangoni. Janáček angeziandika hodi zote mbili, na angempa kila mwimbaji ya kwake.

Matokeo yake ni kwamba muziki wa opera zake umeota kutoka katika Kicheki chenyewe, na ukikosea lafudhi umekosea muziki. Kicheki huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno daima, kama sisi tunavyouweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jaribuni jina la mtunzi wenyewe. Mswahili yeyote atavuta na kukaza silabi ya kati, kwa sababu kwetu mkazo na urefu huenda pamoja. Mcheki hukaza ya kwanza, huku irabu ndefu ikiwa ni ya pili, na mambo hayo mawili hayagombani kinywani mwake. Mgeni anayetaka kuimba opera hii hana budi kufunza ulimi upya. Karibu waimbaji wote wa santuri ile walikuwa Wacheki na Waslovakia. Aliyeimba nafasi ya Káťa mwenyewe, Elisabeth Söderström, alikuwa Mswidi. Msikilizeni anapomsimulia Varvara, msichana anayeishi naye nyumba moja, katika tendo la kwanza, jinsi alivyokuwa msichana huru kama ndege. Hapambi maneno. Anayaacha yakimbie, yakwame, yakimbie tena, kama mtu anayeona haya kusema alichokwisha kuanza kusema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si kila uimbaji mzuri huwa na sauti nzuri tu.

Mtu wa pili wa kushukuriwa ni jengo. Decca walirekodi katika Sofiensaal, jumba la Vienna lililojengwa miaka ya 1830 kama bafu ya umma. Baadaye bwawa la kuogelea lilifunikwa kwa sakafu ya mbao ili watu wacheze dansi, lakini shimo lenyewe halikufukiwa. Likabaki tupu chini ya miguu ya wapigaji, na juu yao kuna dari la upinde. Yeyote aliyewahi kupiga ngoma juu ya mtungi mtupu anajua kinachotokea: sauti za chini hunenepa bila kuvuruga za juu. Káťa huanza kimyakimya, kisha timpani, zile ngoma kubwa za okestra, hupiga mapigo manane, mapigo yatakayorudi kila msiba unapokaribia. Katika santuri nyingine mapigo hayo husikika kama kelele ya ngoma. Katika hii yanasikika kama kitu kinachogonga kutoka chini ya nyumba. Jumba hilo liliungua mwaka 2001, na kwa hiyo sauti ile sasa inaishi katika santuri peke yake.

Juu ya bwawa hilo Decca walitumia mbinu waliyoibuni miaka ya 1950: vinasa sauti vitatu vilivyofungwa juu ya kichwa cha mwongozaji, viwili pembeni na kimoja mbele katikati, vikiungwa mkono na vingine pale ilipohitajika. Ukumbini humohumo, kati ya 1958 na 1965, mwongozaji Georg Solti na mtayarishaji John Culshaw walirekodi opera nne za mtunzi Mjerumani Wagner, kazi iliyowafundisha mafundi wale kwamba santuri inaweza kuwa jukwaa la masikio, ambapo mwimbaji husogea kushoto au kulia na msikilizaji akamfuata akiwa amefumba macho. (Solti huyo ndiye aliyeshikilia rekodi ya kuwa na Grammy, tuzo za muziki za Marekani, nyingi kuliko mtu yeyote, 31, hadi Beyoncé alipompita mwaka 2023. Wapenzi wa klasiki walinung'unika kidogo. Mimi sikuona sababu.)

Washindi wa baadaye nitawapitia haraka. Mwaka 1987 tuzo hiyo ya juu ilikwenda kwa misa mbili za Josquin, mtunzi aliyefariki mwaka 1521, zilizoimbwa na kikundi cha Tallis Scholars na kutolewa na kampuni ndogo ya kwao wenyewe, Gimell: hakuna okestra, hakuna nyota, ni sauti chache ndani ya kanisa. Mwaka 2020 ilikwenda kwa simfonia mbili za Mieczysław Weinberg, aliyezaliwa Warsaw na kufia Moscow mwaka 1996, zilizoongozwa na Mirga Gražinytė-Tyla. Huyo Weinberg wengi wetu tusingemsikia kamwe. Naona fahari zaidi na tuzo za namna hii kuliko zile zinazokwenda kwa simfonia za Beethoven zilizorekodiwa kwa mara ya mia.

Najua kuna mtu ataniuliza kuhusu Kiswahili, basi nimtangulie. Februari 2011 Christopher Tin, mtunzi wa California, alipata Grammy mbili. Moja ilikuwa ya upangaji wa ala na sauti katika wimbo Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili aliyoitunga kwanza kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, na ikawa Grammy ya kwanza kwa muziki wa mchezo wa aina hiyo. Ya pili ilikuwa ya albamu nzima yenye nyimbo 12 katika lugha 12, katika kundi la klasiki iliyochanganywa na mitindo mingine, kundi ambalo lilifutwa mwaka huohuo Grammy zilipopunguzwa kutoka makundi 109 hadi 78. Katika albamu hiyo Soweto Gospel Choir wanaimba na Royal Philharmonic, na wanaimba kwa nguvu ya kusisimua. Hata hivyo sikio la Mswahili hushtuka kidogo linaposikia neno yetu likirudiwarudiwa hadi likajikuta limekaa baada ya mbinguni, mahali ambapo sarufi yetu ingetaka kwetu. Hilo silo kosa la kuharibu wimbo. Linaonyesha tu tofauti ya njia: Tin alikuwa na mdundo, akayapanga maneno juu yake, Janáček alikuwa na maneno, akasubiri mdundo utoke humo. Tuzo zimezikubali njia zote mbili, nami nakubali, ila nikiambiwa nichague nitachagua ya pili.

Mtambo uko tayari, kwa hiyo nitawasikilizisha dakika za mwisho. Káťa amejitupa katika mto Volga na maiti yake imeletwa ukingoni. Mume wake anamlilia na kumlaumu mama yake. Kwaya, iliyowekwa mbali na vinasa sauti, inaimba bila maneno, ndiyo pumzi ya mto. Kisha mama mkwe, Kabanicha, anawageukia waliokusanyika na kuwashukuru kwa msaada wao, kwa adabu kamili, kama mwenye nyumba anayewaaga wageni. Sikilizeni mlio wa shukrani hiyo, halafu sikilizeni mapigo manane yanavyotoka chini ya sakafu.