Usiigawe Diski Kabla Hujajua Unachotaka Kukiokoa

Wazee kwa vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuketi na jua hili la Makadara likiwapiga kupitia mabati. Nimeombwa nizungumzie kugawa diski ya kompyuta, yaani kuikata vipande ambavyo kila kimoja huonekana kama diski yake, na nadhani najua swali limetoka wapi. Wengi wenu mna laptopu za mtumba, zile zilizomaliza kazi katika ofisi za Uingereza kisha zikaletwa kwetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi za aina hiyo, hasa zile za kabla ya kizazi cha nane cha prosesa za Intel, hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Basi mtu anataka kuonja Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, huku Windows yake ikibaki palepale. Anafungua programu ya kugawa diski, anakutana na mistari ya rangi, anaanza kujiuliza akate wapi.

Nitasema jambo ambalo mafundi wenzangu hawatalipenda. Wengi wenu hamna haja ya kukata popote. Kama una Windows peke yake, na diski yako ni SSD ya gigabaiti 256, iache nzima.

Naona mnatikisa vichwa. Ninyi mmezoea kununua mashine mjini ukaikuta tayari ina C, D na pengine E, kila herufi kipande chake. Tuiangalie hiyo tabia, maana haikuzuka tu. Zamani za Windows XP, mfumo ukiharibika fundi aliifuta C yote na kuuweka upya. Picha za harusi zikiwa D, zilipona. Hiyo ilikuwa sababu nzuri kabisa. Siku hizi Windows ina njia ya kujiweka upya huku ikizihifadhi faili zako, kwa hiyo sababu ile imepungua uzito, ila mkono wa fundi bado unakata vilevile.

Sasa angalia kinachotokea. Fundi amekupa C ya gigabaiti 60, kilichobaki chote akakiweka D. Unaanza kazi. Hujaweka faili hata moja C, unajisifu kwa nidhamu yako. Baada ya muda mstari wa C unakuwa mwekundu. Kumejaa nini? Kumejaa masasisho ya Windows. Kuna folda ya Windows.old iliyoachwa na toleo lililotangulia. Kuna pagefile.sys na hiberfil.sys, faili mbili zilizofichwa ambazo zinaweza kumeza gigabaiti kadhaa. Halafu kuna AppData, ndani ya folda yenye jina lako, ambako kivinjari na programu za barua pepe hurundika mambo yao bila kukuuliza. D iko tupu, C inakosa hewa.

Unasema, nitaipunguza D niiongezee C. Unaandika diskmgmt.msc kufungua chombo cha Windows cha kusimamia diski, unaipunguza D, nafasi inaachwa wazi, unabofya C uipanue, na lile chaguo la kupanua limefifia, halibofyeki. Kwa nini? Kwa sababu Windows hupanua patisheni, ndilo jina la kipande cha diski, kwa nafasi iliyo wazi inayoigusa upande wa kulia tu. Ukiipunguza D, nafasi inatokea mwisho wa D, mbali na C. Na hata ukiifuta D kabisa, mara nyingi katikati kuna kipatisheni kidogo cha uokozi ambacho Windows ilijiwekea. Hapo ndipo watu huanza kutafuta programu za kuhamisha patisheni.

Kuhamisha patisheni si kusogeza mstari wa rangi. Data yote iliyomo inasomwa na kuandikwa upya mahali pengine, kipande kwa kipande. Ikiwa na gigabaiti 150, unakaa hapo kwa saa nyingi, na stima ikipotea katikati ya kazi huku betri ya laptopu ilishakufa, unaweza kubaki na patisheni isiyosomeka. Mnaijua stima yetu. Sina la kuongeza.

Mama aliyekaa karibu na mlango anauliza: si D ni mahali pa kuweka nakala? Mama, hapana, na hili naomba lieleweke leo hata kama mengine yote mtayasahau. C na D ni mistari tu juu ya diski moja. Ni kama kutenga pesa za kodi na pesa za sukuma katika mifuko miwili ya suruali hiyo hiyo: mwizi akiondoka na suruali, ameondoka na vyote. Diski ikifa, C na D zinakufa pamoja. Laptopu ikiibwa kwenye matatu, vivyo hivyo. Na virusi vinavyofunga faili na kudai fidia havisimami kwenye herufi D. Nakala ni diski nyingine, inayochomolewa na kuwekwa kabatini. Ukiwa na pesa za jambo moja tu, nunua hiyo.

Na nani basi agawe? Anayetaka mifumo miwili, na hao ndio nadhani wamejaa humu. Twende nao polepole.

Kwanza, ujue mezani una kiasi gani. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 itaonekana kwenye Windows kuwa 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inagawanya kwa baiti 1,073,741,824. Ile ya 256 itaonekana 238.

Pili, kuna aina mbili za jedwali la patisheni, ile orodha inayoonyesha kila kipande kinaanzia na kuishia wapi. MBR ni ya tangu 1983, inakubali patisheni kuu nne tu, na kwa sekta za baiti 512 haivuki terabaiti 2.2 hivi. GPT ni mpya zaidi, kwa kawaida ina nafasi ya patisheni 128, na huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski. Mashine ikiwa na UEFI, ile programu ya kisasa ya kuiwasha mashine, chagua GPT uendelee na safari. Kale kapatisheni kadogo ka EFI, kwa kawaida megabaiti 100 au zaidi, usikafute ati unatafuta nafasi. Ndiko mashine inakoanzia kuwaka.

Tatu, hesabu yenyewe. Kwenye ile 238, Windows niipe 140 hivi, Linux niipe kilichobaki. Ubuntu, aina moja ya Linux, huomba angalau gigabaiti 25, ila hiyo ni ya kuketi tu, si ya kuishi. Je, folda ya nyumbani, ile /home, itengwe? Faida yake ni kweli: ukibadilisha toleo la Linux unafuta mfumo tu, nyaraka zako zinabaki. Lakini kwa diski ndogo utarudia hadithi ile ile ya C na D, mfumo umejaa huku /home ina nafasi. Mimi siitengi chini ya gigabaiti 500. Anayetaka vyote viwili atumie Btrfs, njia ya kupanga faili ambayo Fedora, Linux ya aina nyingine, imeifanya chaguo lake la kawaida tangu toleo la 33 mwaka 2020: mfumo na nyumbani vimetenganishwa, ila vinakula kutoka chungu kimoja cha nafasi. Swap nayo, ile nafasi ya diski inayoisaidia kumbukumbu ikijaa, isikusumbue. Ubuntu tangu 17.04 hutumia faili badala ya patisheni.

Sasa mpangilio wa kazi, maana hapa ndipo watu wanalia. Toa nakala kwanza kwenye diski ya nje. Kisha angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, imewashwa, kwa sababu Windows nyingine huiwasha yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Chukua ule ufunguo wa uokozi wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi, usiuache ndani ya laptopu hiyo hiyo. Halafu fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike powercfg /h off. Amri hiyo moja inaondoa hiberfil.sys, na pia inazima ule uwashaji wa haraka unaoifanya Windows iache diski nusu imelala, hali ambayo Linux ikiiona hukataa kuandika humo. Baada ya hapo punguza C ukiwa ndani ya Windows yenyewe, si kutoka kwa Linux. Pengine una gigabaiti 100 zilizo wazi na Windows inakuruhusu kukata 20 tu: kuna faili zisizohamishika zimekaa katikati. Zima pagefile kwa muda, futa alama za urejeshaji (restore points), washa upya, jaribu tena. Nafasi ikishapatikana iache wazi hivyo hivyo, usiipe herufi wala kuifomati. Programu ya kuweka Linux itaipata.

Kijana wa nyuma anauliza kuhusu diski ya nje: kwa nini video ya harusi inakataa kuingia na diski ina nafasi tele? Angalia imefomatiwa vipi. Kama ni FAT32, mpangilio wa zamani wa faili, faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4, hata diski ikiwa tupu. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, ambayo Windows, Mac na Linux za sasa zote zinasoma na kuandika. Ila kama unaichomeka kwenye televisheni ya zamani, ijaribu kwanza na faili ndogo, kwa sababu nyingine hazijui ila FAT32, na hapo itabidi uikate video vipande.